Mwigo Usihamie Sekondari Pevu: Barua ya Wazi kwa KNEC na Wakuu wa Elimu wa Meru na Embu

Kwa Afisa Mkuu Mtendaji wa Baraza la Mitihani ya Kitaifa Nchini Kenya (KNEC). Kwa Wakurugenzi wa Elimu wa Kaunti za Meru na Embu. Na kwa walimu wakuu wa shule za upili za kaunti hizo mbili.



Tangu Januari 2026 shule za upili za Meru na Embu zinafundisha mitaala miwili chini ya paa moja. Upande mmoja wamo wanafunzi wa Kidato cha Tatu na cha Nne, masalio ya mfumo wa 8-4-4, ambao kundi lao la mwisho litafanya KCSE, mtihani wao wa kitaifa wa kumaliza, mwaka wa 2027. Upande wa pili wameingia wanafunzi wa Gredi ya 10 wa Mtaala wa Umilisi, wale waliofungua njia ya KJSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 9, mwishoni mwa 2025, nao watafika Gredi ya 12 na tathmini yao ya mwisho mwaka wa 2028. Walimu ni wale wale, maabara ni zile zile, na kengele ni ile ile. Haitakuwa ajabu mazoea ya upande mmoja yakianza kuvukia upande wa pili bila kupitishwa katika kikao chochote. Naandika kuhusu zoea moja tu, mtihani wa mwigo wa pamoja. Hoja yangu ni kwamba mtihani wa shule unaoiga mtihani wa taifa hauna kazi ya kufanya katika Sekondari Pevu (Gredi ya 10 hadi 12), na kwamba siku, fedha na walimu unaowameza wapewe kazi ambayo mtihani wa taifa hauiwezi: kutathmini na kusawazisha kazi halisi za wanafunzi, ili alama za shule ziwe na uzito unaoaminika.

Anayekaa mbali na shule huenda asijue ukubwa wa jambo hili. Katika Imenti, Tigania, Igembe na Buuri upande wa Meru, kama ilivyo Manyatta, Runyenjes na Mbeere upande wa Embu, shule huungana kwa makundi, zikatunga karatasi kwa pamoja, zikazichapisha, zikazitia katika bahasha na kuzifanya kwa ratiba moja. Kuna mwigo wa kutangulia mwigo, kuna mwigo wenyewe katika muhula wa pili, na shule nyingi huongeza mwingine katika muhula wa tatu, kabla wasimamizi wa KNEC hawajabisha hodi. Kila kitu hufuata KCSE unyounyo: Kiswahili karatasi tatu, Hisabati mbili, Kemia tatu, ikiwemo ile ya vitendo ambayo mwalimu hupokea maagizo yake ya siri mapema ili aandae kemikali. Sasa chukueni shule ya mikondo mitatu yenye wanafunzi 50 kila mkondo. Kwa Kiswahili peke yake, yaani insha, lugha na fasihi, mwigo mmoja ni mzigo wa vijitabu 450. Mara tatu ni vijitabu 1,350, vya somo moja, vya kidato kimoja, na vyote kabla ya Novemba. Mwalimu anayelikabili rundo hilo bado ana madarasa mengine yanayomsubiri. Ndiyo maana mara nyingi kinachomrudia mwanafunzi ni gredi na nafasi aliyoshika. Karatasi yenyewe ikirudi, huja na tiki na alama za kosa tu, bila hata sentensi moja ya kumwonyesha insha yake ilipotea njia katika aya gani.

Sipingi mwanafunzi kupimwa zaidi ya mara moja. Enzi za mfumo uliotangulia 8-4-4, Mkenya alifanya KCE akiwa Kidato cha Nne na KACE akiwa Kidato cha Sita, na mitihani hiyo miwili haikugongana. Ule wa kwanza ulichuja wa kuendelea Kidato cha Tano na wa kwenda vyuo vya kati au kazini, na ule wa pili ulichuja wa kuingia chuo kikuu. Kila mmoja ulikuwa na mlango wake. Huko Marekani nako majimbo mengi huwa na mitihani yao ya lazima katika shule za upili, na wakati huo huo College Board, shirika lisilo la serikali, limekuwa likiendesha tangu 1955 mitihani ya AP (Advanced Placement), ambayo ni ya kiwango cha mwaka wa kwanza wa chuo na hutolewa alama za 1 hadi 5. Mtihani wa jimbo huuliza kama kijana amefikia kiwango kinachotakiwa na jimbo. Ule wa AP huuliza kama yuko tayari kurukishwa somo atakapofika chuoni. Ni maswali mawili tofauti. Na pale mitihani hiyo ilipokutana kwenye somo lile lile, baadhi ya wakuu wa huko waliona kwamba wanamlipisha mtoto mara mbili kwa habari moja. New York, kwa mfano, hukubali alama ya 3 na kuendelea katika baadhi ya masomo ya AP badala ya mtihani wake wa jimbo uitwao Regents. AP yenyewe haituhusu hapa, lakini kipimo walichotumia kinatuhusu sana: mtihani wa pili ama ufungue mlango mwingine, ama useme jambo ambalo wa kwanza haukulisema. Usipofanya lolote kati ya hayo, unajazia kalenda.

Mwigo wetu unafungua mlango upi? KUCCPS inapowagawa vijana katika vyuo haiangalii alama za mwigo. KNEC haizihesabu. Hakuna mwajiri anayeziulizia. Wengine husema unamsaidia mwanafunzi kuchagua masomo, lakini usajili wa KCSE hufungwa mapema mwaka, miezi kadhaa kabla ya ule mwigo mkuu. Atakayegundua Julai kwamba fizikia imemshinda hana pa kwenda. Basi pengine unatoa habari mpya? Nayo ni ngumu kuiona. Maswali ni ya aina ile ile, kwa wanafunzi wale wale, yametungwa na walimu wale wale waliotunga mitihani ya mwisho wa muhula. Tena kila kundi la shule lina karatasi yake, kwa hiyo B ya Igembe haiwezi kuwekwa sako kwa bako na B ya Mbeere. Watungaji wengine huikaza karatasi kusudi, eti kuwaamsha watahiniwa, na gredi inayotoka hapo hupima nia ya mtungaji kuliko uwezo wa mtoto. Na karatasi hizi, pamoja na miongozo yake ya kusahihisha, huuzwa hadharani. Namba inayotokana na hayo yote haitoshi hata kuwa utabiri wa kuaminika, ingawa ndiyo inayosomwa kwenye mikutano ya wazazi kwa sauti ya hukumu.

Kuna jambo ambalo KCSE yenyewe imekuwa ikitufundisha kimyakimya, nalo halizungumzwi inavyostahili. Katika Kilimo, karatasi ya tatu haifanywi ukumbini. Ni mradi. Mtahiniwa hupewa kipande cha ardhi, au mifugo, na maagizo kutoka KNEC, kisha mwalimu hupita hatua kwa hatua akiweka alama: utayarishaji wa shamba, upandaji, palizi, kudhibiti wadudu, kumbukumbu. Kompyuta nayo ina mradi wake unaofanywa kwa miezi kabla ya mitihani ya Novemba. Fikirini maana ya hilo katika eneo letu. Kijana wa Siakago au Kiritiri, ambako mvua ni ya kubahatisha na watu wanategemea ndengu na mtama, akilima kipande chake anakabili maswali ambayo kijana wa Nkubu au wa Kyeni, kwenye miteremko ya kahawa na chai, hayajui kabisa: apande tarehe ngapi, mimea iachane kiasi gani udongo ukiwa haushiki maji, afanye nini mvua ikikatika wiki ya tatu. Daftari lake, likiandikwa kwa uaminifu, linaonyesha jinsi alivyofikiri mambo yalipoharibika. Sasa karatasi ya mwigo ya somo hilo hilo humuuliza nini? Taja faida nne za hiki, eleza hatua tano za kile. Maswali hayo si mabaya, lakini KCSE itayauliza Novemba, tena vizuri zaidi. Mradi ndio uliosema lisilosemwa na mtihani, na ndio ambao shule nyingi huupa saa chache za mwisho wa siku, kwa sababu mwigo unakaribia.

Mtaala wa Umilisi umekubali wazo hilo kwa kiwango ambacho 8-4-4 haikuthubutu. Katika KPSEA, tathmini ya kitaifa ya Gredi ya 6, asilimia 60 ya alama hutokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 4, 5 na 6, na asilimia 40 hutokana na mtihani wa kitaifa. Katika KJSEA, asilimia 20 ni KPSEA, asilimia 20 ni tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8, na asilimia 60 ni mtihani wa Gredi ya 9. Zaidi ya wanafunzi 1,100,000 walipangiwa shule za Gredi ya 10 kwa kutumia hesabu hiyo. Kwa hiyo swali la kama alama za mwalimu zihesabiwe limekwisha kujibiwa na serikali yenyewe. Lililobaki ni kama alama hizo zitakuwa za kitu gani. Shule hupakua kazi kutoka tovuti ya KNEC, huwapa wanafunzi, husahihisha na kuingiza alama, na hapo katikati mwanya ni mkubwa. Mwalimu aliyezoea miaka 20 ya mwigo, akiambiwa atathmini mradi huku darasa limejaa na muda umekwisha, atafanya analolijua: atawapa wanafunzi karatasi ya maswali, atajumlisha, atatuma. Ikifika hapo tutakuwa na tathmini ya shule iliyogeuzwa mwigo na kupewa uzito wa kweli, na hilo ni baya kuliko mwigo wa sasa, ambao angalau hauhesabiwi popote. Katika Sekondari Pevu hatari hiyo inaongezeka, kwa sababu njia tatu za masomo, yaani Sayansi na Teknolojia, Sayansi ya Jamii, na Sanaa na Michezo, zimejaa mambo ambayo karatasi ya saa mbili haiwezi kuyapima. Huduma kwa jamii, ambayo ni somo la lazima, utaitungia mwigo gani?

Pingamizi la kwanza nalijua, na ni zito: walimu watapendelea, watapandisha alama, na alama za shule hazitakuwa na maana. Silipuuzi. Lakini tuangalie historia ya mtihani wa kitaifa wenyewe, ule tunaouita safi. Mwaka wa 2015 watahiniwa 2,636 walipata gredi ya A katika KCSE, na 169,492 walipata C+ na zaidi. Mwaka uliofuata, baada ya baraza la KNEC kuvunjwa, Profesa George Magoha kuwekwa mwenyekiti, na waziri Fred Matiang'i kuzifungia karatasi katika makontena yenye kufuli mbili, walipata A 141 tu, na C+ na zaidi wakawa 88,929. Kizazi kimoja cha watoto hakiwezi kupungukiwa na akili kiasi hicho ndani ya miezi 12. Kilichobadilika ni ulinzi, pamoja na namna ya kusahihisha na kupanga gredi. Kwa maneno mengine, mtihani wa taifa nao ulikuwa umeoza, na hakuna aliyependekeza ufutwe kwa sababu ya kuoza. Tuliulinda. Kwa nini alama za shule, ambazo hazijawahi kuwekewa ulinzi wa kiwango hicho, zihukumiwe kwamba haziponyeki?

Ulinzi wenyewe una njia mbaya na njia nzuri, na zote zimekwisha kujaribiwa. Uingereza mwaka wa 2020, korona ilipozuia mitihani, walimu walitoa makadirio, kisha Ofqual, msimamizi wa mitihani huko, ikayapitisha kwenye fomula iliyozingatia matokeo ya zamani ya kila shule. Karibu asilimia 40 ya makadirio ya A-level yalishushwa, watoto hodari katika shule zilizokuwa na historia dhaifu wakaadhibiwa kwa dhambi za waliowatangulia, na tarehe 17 Agosti serikali ikasalimu amri na kurudisha alama za walimu. Hebu wazieni fomula kama hiyo ikimkuta msichana mwerevu katika shule ya kutwa ya Tharaka au Mbeere Kaskazini ambayo haijawahi kutoa A. Jimbo la Queensland nchini Australia lilichukua njia nyingine. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970 lilifuta mtihani wa mwisho na kutegemea tathmini za shule, lakini tathmini hizo zilipitiwa na majopo ya walimu kutoka shule nyingine, waliosoma sampuli za kazi na kuuliza kama alama zinalingana na ubora. Mfumo huo ulidumu kwa miongo mingi. Walipokuja kurudisha mtihani wa nje kwa wanafunzi walioanza Year 11 mwaka wa 2019, waliupa asilimia 25 tu katika masomo mengi na asilimia 50 katika hisabati na sayansi. Zilizobaki ziliachwa mikononi mwa shule. Hiyo ni serikali iliyojaribu pande zote mbili na bado ikaona walimu wanaokaguana wanaaminika.

Na hapa ndipo Meru na Embu zina mtaji ambao pengine hamjautazama hivyo. Mwigo wa pamoja umejenga mtandao. Mwalimu wa Kemia wa Maua anamfahamu mwenzake wa Laare, wa Runyenjes anamfahamu wa Siakago, kwa sababu wameketi meza moja wakibishana kuhusu mwongozo wa kusahihisha. Ratiba ipo, vituo vipo, mazoea ya kuaminiana na kukosoana yapo. Kinachohitajika ni kubadilisha kinachowekwa mezani. Badala ya maelfu ya vijitabu vinavyorudia KCSE, kila shule ilete sampuli za kazi za mwaka: iliyopewa alama za juu, ya wastani na ya chini, majina yakiwa yamefunikwa, ziwe mradi wa kilimo, ripoti ya jaribio la maabara, insha iliyoandikwa upya baada ya maoni, rekodi ya wimbo au ya mchezo wa kuigiza. Walimu wa shule nyingine waziweke alama upya bila kuona zile za kwanza. Tofauti ikiwa ndogo, alama za shule zipite. Ikiwa kubwa, shule irekebishe alama zote za somo hilo na ieleze kwa nini. Vikundi vivuke mipaka, kazi za Igembe zisomwe Manyatta, maana jirani na jirani wana njia zao za kulindana. KNEC kwa upande wake ilinganishe alama za shule na za mtihani wa mwisho, na pengo likiwa la kutia shaka itume watu shuleni wakaone kazi zenyewe, bila kumkata mtoto alama kwa mashine. Naamini kazi hiyo itachukua siku chache kuliko mwigo mmoja, kwa sababu inasoma sampuli tu, na mwalimu ataondoka akiwa amejifunza kutoka kwa mwenzake.

Kuna watakaosema kwamba mwigo hufundisha, na ushahidi wa kisayansi uko upande wao kwa kiasi fulani. Mwaka wa 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima juu ya makala waliyoisoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kuisoma. Nakubali bila shingo upande. Lakini faida hiyo hupatikana kwa kujipima mara nyingi, kwa vipimo vidogo, visivyo na vitisho, tena pale mwanafunzi anapoambiwa alipokosea. Paul Black na Dylan Wiliam, waliopitia tafiti zipatazo 250 kuhusu tathmini darasani na kuchapisha uchambuzi wao mwaka wa 1998, waliona kwamba maoni yanayomwonyesha mwanafunzi namna ya kuboresha kazi yake huinua masomo, na kwamba mazoea ya kumpa alama na kumlinganisha na wenzake humvunja moyo hasa yule dhaifu. Ukiuchukua ushahidi huo kwa uzito unaostahili, utapata maswali kumi ya Ijumaa yanayorudishwa Jumatatu. Hutapata wiki mbili za bahasha zilizofungwa. Nitawaachia watetezi wa mwigo kitu kimoja: ni kweli kwamba anayekwenda kufanya mtihani wa saa nyingi anahitaji kuuzoea ukumbi, saa na ukimya wake. Zoezi moja la ndani ya shule katika mwaka wa mwisho, lisilotozwa ada na lisilotangazwa matokeo, latosha kwa hilo.

Pingamizi lililo karibu zaidi na moyo wa kaunti hizi ni la usawa. Shule zilizokuwa za kitaifa, kama Meru School, sasa ziko kundi la C1 na zina maabara kamili. Shule nyingi za kutwa ziko C4 na mwalimu wa fizikia huko huenda ni mmoja kwa shule nzima. Je, kuzipa kazi za shule uzito si kumwongezea aliyenacho? Ingekuwa hivyo endapo kazi zingekuwa ni zile zile kila mahali na zingehitaji vifaa vile vile. Lakini ndivyo ilivyo sasa hivi katika karatasi ya vitendo ya Kemia, inayodai bureti na pipeti kwa kila mtahiniwa siku moja, saa moja, nchi nzima, na hakuna anayeifuta kwa sababu hiyo. Tathmini ya shule ndiyo inayoweza kulegezwa kwa haki: KNEC ikitoa kazi tatu au nne zenye ugumu sawa kwa kila umilisi, shule ya Ishiara itachagua ile inayohitaji udongo, maji na kipimajoto, nayo shule yenye maabara itachagua ile ya maabara. Na tukizungumzia usawa, mwigo ndio usio na haya. Serikali hulipia ada ya KCSE, lakini gharama ya mwigo mara nyingi humwangukia mzazi, iwe amepata bei nzuri ya miraa msimu huo au hakupata. Shule tajiri hununua karatasi za makundi mengine na kuwafanyisha wanafunzi wake mwigo wa nne na wa tano. Shule maskini hufanya mmoja na kuchelewa kuulipia.

Mtaniambia marufuku zimejaribiwa. Zimejaribiwa kweli. Mwaka wa 2008, baada ya wimbi la migomo katika mamia ya shule, Wizara ya Elimu chini ya Sam Ongeri ilipiga marufuku mitihani ya mwigo, na muda si muda ikarudi. Mwaka wa 2014 Profesa Jacob Kaimenyi, mwana wa Meru, alipiga marufuku kuorodhesha shule na watahiniwa kwa matokeo, na hadi leo hakuna shule ambayo haijui jirani yake alipata wastani gani. Marufuku hizo hazikushika kwa sababu hazikujibu wasiwasi uliozaa mazoea hayo. Mzazi anataka kujua mtoto wake yuko wapi kabla ya siku ya mwisho, na mwalimu mkuu anataka kitu cha kumwonyesha. Ukiwanyang'anya mwigo bila kuwapa habari nyingine, watautafuta gizani. Ripoti ya tathmini ya shule iliyosawazishwa, inayosema mtoto anaweza kufanya nini peke yake, nini kwa msaada, na nini bado, humpa mzazi jibu bora kuliko C- ya karatasi iliyokazwa makusudi. Sitarajii walioshiba ushindani wabadilike mwaka mmoja. Ila wanafunzi wa Gredi ya 10 bado hawajazoea lolote, wala wazazi wao hawajaanza kuwalinganisha kwa gredi za mwigo. Nafasi kama hii haikuwepo tangu KCSE ya kwanza ya mwaka wa 1989.

Kwa hiyo, KNEC, uzito wowote mtakaozipa alama za shule katika tathmini ya Gredi ya 12 uelezwe wazi kwa wazazi wote sasa, pamoja na namna alama hizo zitakavyosawazishwa, na kazi zitolewe kwa machaguo yenye ugumu sawa ili shule ya kutwa isishindane kwa vifaa. Wakurugenzi wa Meru na Embu, msiidhinishe mwigo wa pamoja wa Gredi ya 10, 11 wala 12. Zile siku mnazoutengea katika muhula wa pili zigeuzeni siku za walimu kusomeana kazi za wanafunzi, kuanzia na masomo mawili tu, Kilimo na Kiswahili, mwaka huu huu wa 2026. Walimu wakuu, Kidato cha Tatu na cha Nne wamebakiwa na muda mfupi, nao wamaliziwe safari yao kwa haki: mwigo mmoja, bila ada ya ziada, bila orodha ukutani, na kila karatasi irudi mikononi mwa mwenyewe ikiwa na maneno ya mwalimu, kabla ya Septemba kwisha.

Wenu katika elimu,

Mwandishi.